Mzazi Yupo Semina, Wewe Upo Mtaani: Dar es Salaam au Nairobi?

Swali huwa linakuja hivi. Mzazi ana safari ya kikazi ya siku nne au tano, chumba cha hoteli kimeshalipiwa na ofisi, shule au chuo kimefungwa, naye amekubali uongozane naye. Ila ni safari moja tu. Mwezi huu kuna semina Dar es Salaam, mwezi ujao kuna mkutano Nairobi. Uombe ipi?

Nimefuatana na mama katika miji yote miwili, yeye akienda kwenye mafunzo yake ya uhasibu, mimi nikibaki na raba miguuni na mji mzima mbele yangu. Kwetu ni Arusha, kwa hiyo Nairobi ni jirani kuliko Dar: asubuhi unapanda gari, unagongewa muhuri Namanga, na mchana umeshafika. Dar kwa basi ni safari ya kutwa. Jibu langu nalitoa mapema. Ukitaka kutembea pamoja na mzazi wako akishatoka kazini, chagua Dar. Ukitaka kutembea peke yako mchana kutwa, chagua Nairobi. Kinachoamua ni jua, giza, na mahali ulipo ukumbi wa mkutano, na hayo matatu yana uzito kuliko orodha yoyote ya vivutio.

Ratiba ni ya mzazi

Mtalii hujipangia siku yake. Wewe unayemfuata mzazi, siku yako imeshapangwa na watu wa semina: kujiandikisha saa mbili na nusu, chai saa nne na nusu, chakula saa saba, kufunga saa kumi na moja. Siku ya mwisho kuna mgeni rasmi na maazimio, basi hata saa kumi na mbili wanaweza kuwa bado ndani. Katika saa hizo ndipo miji hii miwili inapoachana.

Dar ipo usawa wa bahari. Kuanzia Desemba hadi Machi, saa tano asubuhi jua limeshakuwa kali, na unyevunyevu wa hewani unafanya shati ligande mgongoni. Kutembea kati ya saa sita na saa tisa ni kujitesa, na anayelazimisha huishia kuumwa kichwa jioni. Nairobi ipo juu, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na saa sita mchana unaweza kuvuka mji mzima bila kutafuta kivuli. Julai utahitaji sweta, maana kuna siku jua halichomozi mawinguni tangu asubuhi hadi jioni. Kwa hiyo Nairobi inakupa saa zote za semina. Dar inakupa saa nne za asubuhi, inakutaka uingie ndani, halafu inakurudishia jioni.

Na jioni ndiyo mzazi anatoka. Jua linazama karibu saa kumi na mbili na nusu katika miji yote miwili, lakini kinachofuata hakifanani hata kidogo. Dar upepo wa bahari unaanza kuvuma, watu wanatoka nje, wauza kahawa wanapanga vikombe, mishkaki inawekwa motoni, familia zinatembea ufukweni. Nairobi, katikati ya jiji, saa hiyo kila mtu anakimbilia matatu ya kwenda kwake. Baada ya saa moja usiku mitaa mingi ya maofisi inabaki kwa walinzi, na watu wa mapokezi hotelini watakuambia wazi upande teksi hata kwa safari fupi. Wasikilize. Kwa hiyo Nairobi utatembea sana, lakini mzazi wako hataiona na wewe isipokuwa mkibaki hadi Jumamosi.

Ulizia jina la ukumbi kwanza

Semina ya Dar inaweza kuwa Posta au inaweza kuwa Masaki, na kwa mtu anayetembea kwa miguu hizo ni Dar mbili tofauti. Ikiwa ni katika Kituo cha Mikutano cha Kimataifa cha Julius Nyerere, una bahati kubwa: Makumbusho ya Taifa yapo jirani, Mtaa wa Shaaban Robert, bustani ya mimea ya tangu enzi ya Wajerumani ipo hapo hapo, na Barabara ya Barack Obama yenye upepo wa bahari si mbali. Saa saba unaweza kurudi kula na mzazi bila kupanda chombo chochote. Ikiwa ni Masaki au Mikocheni, mjini utakwenda kwa daladala au bajaji kwanza, na kinachobaki kwa miguu ni Coco Beach na barabara za Oysterbay zenye miti.

Nairobi, mkutano ukiwa KICC, yaani Kituo cha Mikutano cha Kimataifa cha Kenyatta, umewekwa katikati kabisa ya mji. Upper Hill kwenye ramani inaonekana karibu, lakini kuna mlima na kuna Uhuru Highway, na tangu ile barabara ya kulipia ya juu ifunguliwe mwaka 2022 nguzo na makelele ya magari hapo chini yameongezeka. Inatembeleka, ila siyo ya kufurahia. Westlands iko hivyo hivyo.

Gigiri nataka niizungumzie zaidi, kwa sababu watu wengi wakisikia mzazi anapelekwa Gigiri, kwenye makao makuu ya UNEP na UN-Habitat, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya mazingira na makazi, wanavunjika moyo. Ni mbali na katikati ya jiji, kweli. Lakini Msitu wa Karura upo pale pale, una lango upande wa Barabara ya Limuru, na una zaidi ya hekta 1,000 za miti, maporomoko ya maji na mapango ambamo wapiganaji wa Mau Mau walijificha. Njia zake zina vigingi vyenye namba kwenye kila njiapanda, hivyo hata anayetembea peke yake anajua yupo wapi na anaweza kumtumia mzazi namba ya kigingi kwa simu. Ukiwa humo kumbuka kwamba msitu huu nusura ugawanywe viwanja. Januari 1999 mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai na wenzake walikwenda kupanda mti langoni kupinga unyakuzi huo, wakapigwa na kuumizwa. Leo mtoto anaendesha baiskeli mahali ambapo pangekuwa na kuta za nyumba za watu. Kama ningepewa siku moja tu Nairobi na mkutano uwe Gigiri, nisingekwenda mjini kabisa.

Dar: asubuhi ya Kivukoni

Kama umechagua Dar, amka pamoja na mzazi. Saa kumi na mbili na nusu uwe barabarani. Anzia Soko la Samaki la Feri, wakati samaki wa usiku wanashushwa na mnada unaendelea: changu, jodari, ngisi, pweza, na wanunuzi wanaopandisha bei kwa ishara ya kidevu. Vaa viatu ambavyo huogopi vilowe. Picha ya mtu usipige bila kuomba. Ukisalimia kwanza, tena kwa shikamoo kwa waliokuzidi umri, utaelekezwa kila kitu, hata jinsi ya kumtambua samaki wa jana kwa kumtazama macho na matamvua.

Ukitoka hapo rudi mjini kwa Barabara ya Kivukoni, bahari ikiwa mkono wako wa kushoto. Utapita kanisa la Kilutheri la Azania Front lenye vigae vyekundu, kisha Posta ya Zamani, kisha Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu ambalo Wajerumani walilijenga kuanzia 1897 hadi 1902. Mbele kidogo, mkabala na boti za Zanzibar, ndipo lilipo Boma la Kale, nyumba ya mawe ya matumbawe iliyojengwa miaka ya 1860 enzi za Sultani Majid bin Said, yule aliyeamua kuugeuza ukingo huu wa Mzizima kuwa mji. Ndani kuna maonyesho kuhusu majengo ya Dar. Mwendo wote huo ni kama nusu saa kwa mtu asiye na haraka, na ndani ya nusu saa hiyo umepita kwenye mikono ya watawala wote waliowahi kuushika mji huu. Sijui sehemu nyingine ya Afrika Mashariki ambako historia imepangwa kwenye mstari mmoja ulionyooka namna hii, kwa miguu, tena na upepo wa bahari.

Panda hadi Mtaa wa Samora, umwone Askari wa shaba amesimama katikati ya mzunguko na singe yake ikielekea bandarini. Ukimaliza hapo ingia Mtaa wa India, Zanaki, na mitaa ya Kisutu. Hapa inua macho. Nyumba nyingi za zamani za wafanyabiashara wa Kihindi zina jina la mwenyewe au mwaka wa kujengwa juu kabisa, kwenye ukingo wa paa, na mtu anayetazama vioo vya maduka tu anazikosa zote. Kila mwaka chache zinabomolewa kupisha maghorofa. Hiyo peke yake ni sababu ya kwenda sasa, na si baadaye.

Saa tano ikifika, ingia ndani. Makumbusho ya Taifa yanatosha kwa saa moja na nusu: historia ya binadamu, masimulizi ya enzi za watumwa na ukoloni, magari aliyotumia Mwalimu Nyerere. Siku nyingine nenda Maktaba Kuu ya Taifa, Mtaa wa Bibi Titi Mohamed, iliyofunguliwa mwaka 1967. Kuna utulivu, na hakuna atakayekuuliza kwa nini umekaa hapo saa mbili. Baada ya chakula lala. Nasema kwa moyo wote: lala, kwa sababu jioni unaihitaji.

Kariakoo? Nenda na mzazi. Siyo kwa sababu ni pabaya. Ni kwamba mzazi ndiye mwenye shughuli huko, ana kitenge au vyombo anavyovitafuta, na Kariakoo bila shughuli ni msongamano tu. Machinga walipohamishwa kutoka pembezoni mwa barabara mwaka 2021 njia zilipata nafasi kidogo, lakini mikokoteni na bodaboda bado zinakutaka uwe macho kila hatua. Soko lenyewe, kazi ya msanifu wetu Beda Amuli ya miaka ya 1970, liliungua Julai 2021. Simama nje ulitazame paa la zege kabla hujaingia kwenye vichochoro.

Sasa jioni. Mama akitoka semina hubadilisha viatu, na tunakwenda Barabara ya Barack Obama hadi Daraja la Tanzanite, ambalo tangu lilipofunguliwa mwaka 2022 limekuwa njia ya watu wa mazoezi, maana lina njia ya miguu na bahari ipo chini yako. Ukiweza endelea hadi Coco Beach kwa mihogo na mishkaki. Hapo ndipo mama alipoanza kunieleza Dar aliyoijua alipokuwa akisoma chuo: alikokuwa akipanda basi la UDA, duka walikonunua vitabu vya mkono wa pili, jioni waliyotembea kutoka mjini hadi Upanga kwa kukosa nauli. Hadithi hizo nyumbani sijawahi kuzisikia. Nyumbani anapika, anakagua, anauliza ada. Barabarani, bila faili mkononi, alikuwa msichana aliyewahi kuwa na umri wangu. Kwa sababu hiyo naipa Dar alama ambayo Nairobi haina namna ya kuifikia.

Pantoni ya Kigamboni pia ipande, kwa nauli ndogo sana unaona mji wote kutoka majini. Usiipande saa kumi na moja jioni siku ya kazi, wakati maelfu wanarudi nyumbani. Jumamosi asubuhi ndiyo saa yake.

Nairobi: mji wa kukata kwa miguu kutoka mwanzo hadi mwisho

Nairobi ilianza 1899 kama kambi ya reli, na mtu anayetaka kuielewa aanzie huko huko, Makumbusho ya Reli nyuma ya stesheni. Yalifunguliwa 1971. Kuna vichwa vya treni vya mvuke unavyoweza kupanda, na kuna lile behewa ambamo mwaka 1900, pale Kima, simba aliingia usiku akamchukua afisa wa polisi Charles Ryall aliyekuwa amekaa kumvizia. Behewa lenyewe ni dogo kuliko unavyodhani. Ukikaa ndani yake unaelewa vizuri zaidi kuliko kwa kusoma.

Kutoka hapo shika Moi Avenue. Kwenye kona ya Haile Selassie kuna bustani ya kumbukumbu ya tarehe 7 Agosti 1998, mahali ulipokuwa ubalozi wa Marekani. Bomu la hapo liliua zaidi ya watu 200, na asubuhi ile ile bomu jingine lililipuka Dar. Majina yameandikwa ukutani. Wafanyakazi wa maofisi ya jirani huja kukaa kwenye nyasi saa ya chakula, na mtu akitaka kimya anakipata. Mbele, barabara hiyo hiyo, ni Nyaraka za Taifa za Kenya, ndani ya jengo lililokuwa benki. Watu wengi hupita nje wakidhani ni ofisi ya mafaili tu. Ghorofa ya chini kuna hazina ya Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa Kenya, aliyekusanya kazi za sanaa, vinyago, nguo na silaha kutoka pembe zote za Afrika. Kwa maoni yangu hicho ndicho chumba bora zaidi cha kuingia Nairobi nzima, na wageni wengi hawakijui. Nje, ng'ambo ya barabara, ipo sanamu ya mwanasiasa Tom Mboya, karibu na mahali alipopigwa risasi tarehe 5 Julai 1969.

Panda upande wa magharibi sasa. City Market kuna maua, nyama na vinyago. Msikiti wa Jamia upo karibu, na pembeni yake Maktaba ya McMillan ya mwaka 1931 yenye simba wa mawe mlangoni, iliyojengwa wakati Mwafrika hakuruhusiwa kuingia. Biashara Street ni ya leso na vikoi. Mnunulie mama kitu hapo. Kisha Bustani ya Jeevanjee, ambayo mfanyabiashara A. M. Jeevanjee aliwapa wakazi wa mji mwaka 1906. Saa saba mchana kuna wahubiri, wapiga picha, wanaolala kwenye majani, na kuna watu wa Bunge la Mwananchi wanaojadili siasa kwa sauti. Kaa usikilize. Kiswahili cha Nairobi utakijua hapo, kwa kasi yake halisi.

Alasiri una chaguo mbili. Ya kwanza ni juu ya KICC, jengo la mita 105 lililobuniwa na Karl Henrik Nøstvik akishirikiana na David Mutiso na kufunguliwa 1973. Siku isiyo na mawingu unaona milima ya Ngong na upande wa pili mbuga ya wanyama inayoanzia pale mji unapokoma. Siku ya mawingu usipande, fedha itapotea. Ya pili ni Makumbusho ya Kitaifa kule Museum Hill, nusu saa kwa miguu kutoka Jeevanjee, na hiyo hata mvua ikinyesha haina tabu. Ukichoka kabisa, bustani ya Arboretum ipo upande wa magharibi, imekuwepo tangu 1907, na tumbili wake wanajua kufungua mifuko.

Yote haya, toa Arboretum na Karura, unayafanya bila kupanda chombo. Ndiyo maana nasema Nairobi ni ya anayetembea peke yake: vitu viko karibu, hewa ni ya kutembea, na mzazi akipiga simu saa ya chai unaweza kumwambia jina la barabara uliyopo naye akaipata mara moja kwenye ramani.

Vitu viwili vya kulinganisha ana kwa ana

Makumbusho: Dar inahifadhi fuvu la Zinjanthropus, zamadamu wa kale, alilolipata Mary Leakey mwaka 1959 Olduvai. Nairobi ina mifupa ya Kijana wa Turkana, ambaye Kamoya Kimeu aliuona mfupa wake wa kwanza mwaka 1984 Nariokotome. Zote ni fahari za ulimwengu. Lakini makumbusho ya Nairobi ni makubwa, yamepangwa vizuri, na yanakula saa tatu bila kuchosha. Hapa Nairobi inashinda, na sioni haya kusema hivyo nikiwa Mtanzania.

Sanamu za askari: miji yote miwili ina sanamu za shaba za miaka ya 1920 kwa ajili ya Waafrika waliokufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na zote zilitengenezwa na mchongaji mmoja, James Alexander Stevenson. Ya Dar ni mtu mmoja anayesonga mbele na bunduki, na chini yake kuna Kiswahili kwa herufi za Kilatini na kwa herufi za Kiarabu. Ya Nairobi, Kenyatta Avenue, ni watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Kwangu ya Nairobi inasema ukweli zaidi, kwa kuwa wapagazi walikufa kwa wingi mkubwa kuliko askari, kwa njaa, maradhi na mizigo. Walioishi Arusha, Moshi na Voi wana babu za babu zao katika hesabu hiyo. Ukiweza kuziona zote mbili, hata kwa miaka tofauti, zione.

Usalama, njia na fedha

Nairobi njia za miguu za katikati ni nzuri kuliko za Dar: Aga Khan Walk hakuna magari kabisa, Mama Ngina Street ina njia pana. Dar magari yanaegeshwa juu ya njia yako na unalazimika kushuka barabarani. Kuvuka ni shida kote. Subiri kundi la watu, uvuke nao.

Simu ndiyo inayolengwa Nairobi. Usiisome ukiwa unatembea. Ingia dukani au simama karibu na mlinzi wa benki, soma ramani, rudisha mfukoni. Walinzi hao pia ndio wa kuwauliza njia, na wanajibu kwa ufupi: "Wewe enda na hii barabara, ukifika kwa steji ya matatu uliza tena." Dar hatari kubwa ni mkoba kukwapuliwa na watu wa pikipiki, hasa kwenye barabara tulivu za Masaki na Oysterbay, kwa hiyo mkoba uwe begani upande usio wa barabara. Kuuliza njia Dar kunachukua muda mrefu zaidi. Unasema "Shikamoo mzee, samahani, naulizia Maktaba Kuu," naye anaitikia "Marahaba mwanangu," anakuuliza umetokea wapi, anamtaja mtu wa Arusha anayemfahamu, na mara nyingine anakusindikiza hadi kona. Mwenye haraka atachoka. Mimi nilipenda.

Ikulu ya Dar na State House ya Nairobi, bandari, vituo vya polisi na askari: usielekeze kamera.

Upande wa fedha, Dar beba noti ndogo ndogo kwa mama lishe, madafu na nauli. Kenya sehemu nyingi za serikali, makumbusho na msitu wa Karura zikiwemo, hulipwa kwa M-Pesa au kadi, noti hazipokelewi mlangoni. Usipokuwa na laini ya Kenya, azima kadi ya benki ya mzazi au umwombe akulipie mapema. Beba kitambulisho au pasi kote, kwa kuwa kiingilio hutofautiana kati ya raia, Mwana Afrika Mashariki na mgeni wa mbali. Chakula cha mchana ni nafuu miji yote miwili ukikaa na wenyeji: Dar wali, maharage na samaki wa kukaanga, Nairobi chapati na madondo kibandani.

Mtu akikutajia Kigali, usafi wa njia zake za miguu ni kweli kama unavyosemwa, na usiku pia unatembea. Lakini ni mji wa milima na wa utulivu. Kwa siku tano utamaliza mapema.

Ukiniuliza mimi

Likizo ya Juni, omba Dar. Masika imeisha, joto limepungua, na Nairobi wakati huo ni baridi na mawingu. Likizo ya Desemba, omba Nairobi, ambako jua ni la kupendeza wakati Dar inachemka. Aprili popote utalowa, na Dar baadhi ya mitaa hujaa maji hadi haipitiki.

Mwenye umri chini ya miaka kumi na sita ningempeleka Dar kwanza, kwa sababu matembezi yake mazuri ni ya jioni pamoja na mzazi, na mchana hotelini si hasara. Aliyemaliza kidato cha sita, anayejua kusoma ramani na kutunza simu yake, aende Nairobi. Mzazi ambaye ana maradhi ya magoti au anayetoka semina amechoka sana, jioni za Dar hazitakuwepo, basi nalo lihesabu. Na kama mzazi aliwahi kuishi katika mmoja wa miji hiyo enzi za ujana wake, achana na hesabu zote nilizozitoa, nenda kwenye mji huo.

Kabla ya kuondoka nyumbani mwambie mzazi apige simu hotelini na kusema mtakuwa wawili, kwa kuwa kifungua kinywa kilicholipiwa na ofisi mara nyingi ni cha mtu mmoja. Kama mtasafiri kwa gari la ofisi, ruhusa yako iombwe mapema, kwa maandishi ikiwezekana. Siku ya mwisho chumba kinadaiwa saa nne asubuhi ilhali semina inafungwa saa kumi na moja: acha mabegi mapokezi, chukua risiti yake, na siku hiyo panga kwenda sehemu moja tu yenye paa na choo kizuri. Dar ni Maktaba Kuu. Nairobi ni Museum Hill.